Aliyeficha Ufunguo wa Maktaba

"Kumbe ni yule mzee wa kengele," mume wangu alisema huku akitafuna. "Ndiye aliyeficha ufunguo wa maktaba. Niliimaliza jana."

Kidole gumba changu kilikuwa bado juu ya kitufe cha kusimamisha picha.

"Nani kakuuliza?"

"Si katuni tu, mama watoto? Ya wanafunzi, hata mtu hafi!"

Hafi mtu, ndiyo. Ndiyo maana mimi na kaka yangu tuliipenda tulipokuwa shule. Kila kipindi tuliisimamisha kabla ya jibu, kila mmoja akamtaja mshukiwa wake, na aliyekosea akaosha vyombo. Kipindi cha mwisho tulitaja washukiwa wetu, ila jibu tukaliacha makusudi, tuje kulitazama pamoja ukubwani. Tulipokua tukagombania nyumba ya mama, tukanuniana hadi leo.

Nilibamiza rimoti ukutani, betri zikabingirika chini ya kochi. Nikampigia kaka.

"Ni mzee wa kengele!" nilifoka alipopokea. "Ulipatia, mshenzi wewe!"

Kisha nikamsikia akivuta kamasi.

"Usiguse vyombo kwanza," alisema. "Nakuja kukusimamia."