Cheo cha Nyanya

Katika kaunti ile, kila nyumba ilikuwa ngazi ya mwisho ya serikali, na kila aliyeishi humo alikuwa na cheo. Mghoi alikuwa mtafiti wa tume ya kuboresha muundo. Ni yeye aliyependekeza kwamba cheo kisicho na kazi iliyoandikwa kifutwe, na mwenye cheo ahamishiwe nyumba yenye pengo. Bunge la kaunti lilimpigia makofi.

Jumatatu barua ya tume ikaletwa nyumbani kwake mwenyewe, ikapokewa na mama yake: cheo cha nyanya, kazi haijaonekana, siku tatu za kujaza fomu ya kazi kabla ya kuhamishwa.

Jioni Mghoi alimkuta mama, na yale magoti yake mabovu, ameinama juu ya karai anasugua sufuria ambazo tayari zilikuwa safi.

"Mama, wacha. Utaumia."

"Siachi. Lete fomu uandike nimeosha vyombo. Kesho nitafagia."

Kutoka chumbani mjukuu akaanza kulia, akimwita nyanya aje ambembeleze alale kama siku zote. Mkono wa mama ukasita.

"Nenda kwake, Mama."

"Hiyo haimo kwenye fomu yenu," mama akasema, akavuta sufuria nyingine.