Tambuu za Bwana Ghalibu

Nyuma ya pazia, Hidaya alikuwa anakunja tambuu za mchumba. Wazee walikwisha kubaliana yote. Sinia la tambuu hizo likifika barazani, basi binti naye amekubali.

Mchumba mwenyewe, Bwana Ghalibu, alikuwa anatafuna kama mbuzi, mate mekundu yanamchuruzika kidevuni. Zafarani, mjakazi aliyemlea Hidaya tangu uchanga, alikuwa amepiga magoti mbele yake, kamshikia tasa la kutemea. Ghalibu akatema. Kisha akapangusa kidevu kwa vidole, na vidole akavifuta kwenye nywele za yule mama, kimoja kimoja, taratibu, huku anamsifia baba mtu uzuri wa nyumba yake. Na baba mtu akacheka.

Hidaya, aliyeyaona yote kupitia upenyo wa pazia, akaiweka chini tambuu aliyokuwa anaikunja.

"Binti yangu, sinia! Wageni wanangoja."

"Abee, baba. Niletee Zafarani kwanza."

Zafarani alipoingia, Hidaya alimshika mkono, akamketisha uani, kando ya mfereji.

"Bibi mdogo, acha, baba atakasirika."

"Inama, mama."

Akammiminia mtungi mzima kichwani. Maji yakatoka mekundu, yakafuata mfereji, yakapenya chini ya ukuta, yakaenea barazani miguuni mwa wageni.

Ghalibu aliruka, akainua pindo la kanzu yake nyeupe.

"Uchafu wa nani huu?" akauliza, uso umemkunjamana kwa kinyaa.

Uani, Hidaya alikuwa anainua mtungi wa pili.