Siku Kisanduku Kiliponyamaza

Kabla ya alfajiri kisanduku cha jikoni hulia tik, tik. Kila mlio ni seli ya saratani kwenye titi langu inayopewa amri ya kugawanyika. Leo kililia mara moja tu, kisha kimya. Nilicheka peke yangu kitandani.

Tunu, mletaji wangu wa majani, alikuja na maji ya majani ya mmea uliooteshwa kwa ajili ya seli zangu tu. Ndiyo yanayozuia amri hiyo isipite. Alikipuliza kikombe kipoe, kama afanyavyo kila siku.

"Mbona unameremeta hivyo, Bibi? Umeposwa?"

"Sikiliza, mjukuu wangu."

Alisikiliza, akapiga kigelegele, akanizungusha jikoni kama bi harusi. Halafu sote tukaikumbuka sheria: kikinyamaza, mletaji huhamishiwa nyumba nyingine siku hiyohiyo, na harudi ila kikilia tena.

Akanipa kikombe. "Kunywa nikuone, Bibi. Wengine humwaga, ili nirudishwe kwao."

Nilikitazama kitambo. Kisha nikanywa chote.

"Tunu," nikamwambia akifunga mkoba, "njoo unitembelee tena. Hata kwa kujificha."