Kivuli Kwenye Pazia

Kitasa kililia kit, mara moja tu, gizani, upande wa nyuma.

"Majirani hao," mama alijisemea. Umeme ulikuwa umekatika punde tu, mtaa mzima giza totoro, kila mtu akipapasa ukuta wake.

Akawasha taa ya mafuta, akaiweka juu ya rafu ya jikoni, mbali na mikono ya bintiye. Mwanga ukapita mlango wa jikoni, ukavuka sebule, ukatua kwenye pazia jeupe la dirishani. Wawili wakaketi sakafuni pale sebuleni, wakiipa taa mgongo, ili mama amfundishe bintiye alichojifunza yeye mwenyewe darasa la jioni.

Akainua glasi. Pazia likabaki jeupe. Akainua karatasi iliyolowa mafuta ya kupikia: ukungu. Akainua mwiko: kivuli cheusi tii.

"Glasi inaachia mwanga, karatasi inaubania kidogo, mwiko unauziba kabisa."

"Na mimi?"

"Wewe unapitisha maneno tu."

Binti akacheka. Akauchukua mwiko, akausogeza kwenye pazia. Kivuli kikapungua, kikakolea.

"Kitu kikiwa karibu na taa, kivuli kikubwa. Kikienda mbali nayo, kidogo."

"Akili hizo umerithi kwangu."

Hakumtaja baba. Wiki ya tatu sasa mwanamume yule alikuwa akiapa kwenye simu kwamba atakuja kumchukua mtoto, watake wasitake. Ndiyo maana mama alibadilisha kitasa cha mlango wa mbele.

Pazia likaingia giza.

Kichwa. Mabega, la kushoto limelala. Kivuli kilijaa dirisha zima, na mama alilijua bega hilo.

Akamziba binti mdomo. Akamburuta pole pole hadi mlango wa mbele bila kuyabandua macho kwenye pazia, akasukuma komeo la juu, kisha la chini. Haya, aje sasa tuone. Akajibanza naye pale pale.

Kivuli kikaanza kupungua. Mabega yakasinyaa, kichwa kikashuka, kidogo kidogo, bila haraka.

"Anaondoka," mama alinong'ona, machozi yakimlengalenga. "Umeona, mwanangu? Anakwenda zake."

Akauondoa mkono mdomoni mwa mtoto.

Binti alikuwa bado analitazama pazia, uso umekunjamana kama anayepiga hesabu.

"Mama, nje hakuna taa."