Kiyoyozi cha Juu ya Basi

Mama mkwe aligonga sakafu ya basi mara mbili, na fundi, aliyelala chali chini yake, akashusha pumzi. Mara moja ni kiyoyozi kimewaka. Mara mbili, bado. Wangeelewana vipi vinginevyo, na jenereta linanguruma sikioni?

Basi lenyewe alilinunua bovu, akaligeuza nyumba ya magurudumu: jiko, kitanda cha watu wawili, na kiyoyozi juu ya paa. Maisha yake yote alitengeneza umeme wa magari ya wasafiri. Leo ilikuwa zamu yake yeye na mkewe kusafiri, na furaha ilimtekenya mwili mzima. Ila mkewe alishasema: kwenye tanuri lile hapandi. Kiyoyozi kisipowaka kabla ya adhuhuri, anafungua masanduku.

Fundi akapima. Umeme uliingia kwenye swichi kuu, lakini haukutoka. Akaifungua, akakuta waya umelegea, ncha imeungua.

"Nimekukamata, mwizi wee," akauambia. Akakata ncha, akakaza skrubu, akaimba kidogo. Kisha akatega sikio.

Ko, ko.

Akabadilisha swichi nzima. Ko, ko. Akapima upya, umeme ulipanda hadi juu bila kupungua hata chembe. Ko, ko. Fundi akaanza kucheka peke yake, kicheko cha mtu anayekaribia kurukwa na akili.

Alimhurumia mama mkwe. Mama huyu alinuna tangu aliposikia habari za safari, lakini leo kajitolea mwenyewe kukaa humo na joto lile. Wala hakulalamika. Alifungua dirisha upenyo wa kidole tu, akaomba chai ya moto na blanketi la kukalia. Wazee wana mambo yao. Fundi aliviacha kwenye ngazi ya mlango, akarudi chini mbio.

"Adhuhuri hiyo, mume wangu," mkewe akasema kwa upole, akabeba sanduku la kwanza kulirudisha nyumbani.

Fundi akatambaa nje, machozi yanamlengalenga. Angalau amtoe mzee wa watu kabla hajaiva. Akafungua mlango.

Baridi ikampiga usoni. Mama mkwe alikuwa amejifunika blanketi hadi puani, meno yanagongana.

"Bado, baba," akasema. "Hamjaniambia mimi nalala wapi."