Kikombe cha Lusajo

Katika mji ule wa mpakani, dereva anayevuka na mzigo humwachia wakala wake kikombe alichonywea chai, na hakioshwi mpaka arudi mwenyewe; kukiosha kabla ni kukubali kwamba harudi tena. Dirishani kwa Nyamizi, wakala wa forodha, kikombe cha Lusajo kilikuwa kimeota ukungu.

Simu iliita. Nyamizi aliirukia, lakini hakuwa Lusajo. Alikuwa mtafiti anayelinganisha nchi kwa wepesi wa kusafirisha mizigo.

"Nchi ya ng'ambo, dada, kuanzia moja mpaka tano, unaipa ngapi?"

"Zamani ningekwambia nne. Sasa sijui. Nina dereva wangu kule, hapatikani."

"Pole sana. Ila 'sijui' haimo kwenye majibu."

"Basi niache."

"Mfumo haukubali nafasi tupu, dada. Nisaidie namba tu, yoyote."

Nyamizi alikitazama kikombe. Akisema moja, aliona kama anamzika Lusajo. Akisema tano, kama anamkejeli.

"Tatu," alisema.

"Ahsante! Tatu inatosha kabisa."

Simu ilipokatika, Nyamizi alijikuta amesimama kwenye sinki, kikombe kikiwa mkononi, na mkono wa pili umeshika bomba.