Tone la Sikioni

Zama hizo, mtu asiyependa kitu kilichopendwa na wenzake alitiwa tone la dawa sikioni, na kesho yake akakipenda. Saumu alikuwa hajawahi kutiwa.

Jioni moja baba mkwe wake, Mzee Kitwana, alimkabidhi Bonde la Taji, mchezo wa kompyuta wa zamani uliopendwa na dunia nzima. Yeye na marehemu mkewe waliucheza ujana wao wote. Saumu akawa shujaa, akatembea, akapigana, akaongea na wanakijiji wasiokwisha maneno. Binti wa mfalme alipokufa, sebule nzima ililia. Saumu alipiga mwayo.

Mzee akavua miwani. "Haujakupendeza, mwanangu?"

"Nisamehe, baba. Nimejitahidi." Alitamani ardhi immeze.

Mumewe, Mbaruku, alimfuata jikoni na kichupa. "Tone moja tu, mke wangu. Kwa ajili ya mzee."

Saumu akainamisha kichwa.

Kesho yake, binti wa mfalme alipokufa tena, Saumu alilia kwa kwikwi, na mzee akamshika mkono kwa furaha. Machozi yalikuwa ya kweli. Lakini aibu ilikuwa palepale, na safari hii hakujua amwombe nani radhi.